Walitazama, Wakafurahi, Wakasahau

*“Mimi ni mwalimu wa Sayansi, Gredi ya 7, katika shule ya umma kaskazini mwa mji wa Malindi, upande wa Gongoni. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sitini. Mwaka huu tumepata projekta, na zile tableti za shule ya msingi bado zipo, ingawa nyingi zimekufa. Nilitayarisha somo la kutenganisha michanganyiko kwa slaidi na video nzuri sana: maabara, vyombo vya kioo, Kiingereza safi. Watoto walikaa kimya, hata wale watukutu. Nilipowauliza maswali papo hapo walijibu vizuri, nikafurahi. Wiki iliyofuata niliwapa jaribio fupi. Wengi hawakuweza kueleza hata chumvi hubaki wapi maji yanapokauka, na wengi wao wana baba au mama anayefanya kazi chumvini! Mwalimu mkuu anataka vifaa vitumike kila wiki na rekodi iandikwe. Mwenzangu mmoja, mzee kazini, ananicheka, aniambia nirudi kwenye chaki. Wengine wanasema watoto wa siku hizi hawana umakini kwa sababu ya simu. Na kazi ya nyumbani, wenye simu kwao wananakili kutoka intaneti neno kwa neno. Tatizo ni mimi, ni watoto, au ni hii mitambo? Niendelee nayo au niiache?”*

Mwalimu, katika barua yako kuna sentensi moja iliyobeba shida nzima: papo hapo walijibu vizuri, wiki iliyofuata wakashindwa. Wenzako wanaona hapo utovu wa umakini. Mimi naona jambo la kawaida la kumbukumbu ya binadamu. Limepimwa na watafiti, na dawa yake haihitaji hela ya shule. Nitaanza nalo, kisha tuje kwenye projekta.

Lakini kwanza tuliondoe hili la simu. Watoto zaidi ya sitini, kwa joto letu hili, wamekaa kimya tangu video inaanza hadi inaisha, watukutu wakiwemo. Umakini walikuwa nao tele. Walichokosa ni kazi ya kufanya vichwani mwao wakati wanatazama, na kazi hiyo wewe hukuwapa wala video haikuwapa. Ukimya hutudanganya sana sisi walimu. Tumelelewa na fikra kwamba darasa tulivu ndilo linalojifunza, na anayepita nje ya dirisha akachungulia huridhika akaenda zake.

Sasa hilo la kumbukumbu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wao. Wanafunzi walipewa vifungu vifupi vya kisayansi. Kifungu kimoja walikisoma, kisha wakakisoma tena. Kingine walikisoma, kikaondolewa, wakaambiwa waandike kila wanachokumbuka bila kuchungulia na bila kusahihishwa. Waliopimwa baada ya dakika 5 walikumbuka asilimia 81 ya kile kilichosomwa tena, dhidi ya asilimia 75 ya kile cha kuandika kwa kukumbuka. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja, mambo yalipinduka: kilichosomwa tena kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 42, na kile kingine kilikuwa bado na asilimia 56. Hao walikuwa vijana wa chuo kikuu, si watoto wa Gredi ya 7, kwa hiyo usizichukue tarakimu hizo ukazibandika ofisini. Mwelekeo wake, hata hivyo, umeonekana tena na tena hata katika madarasa ya watoto. Kukitoa kitu kichwani ndiko kunakokikaza. Kukiingiza tena kwa macho humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo haina maisha marefu.

Ndiyo maana maswali yako ya papo hapo yalikupa furaha ya bure: majibu yalikuwa bado yamo masikioni mwao. Mtoto aliyekaa mashuani siku nzima akimtazama nahodha hujiona anajua kushika demani, ile kamba ya tanga, hadi siku atakapopewa aishike mwenyewe na upepo ni mkali. Swali linalopima kujifunza ni lile linaloulizwa jibu likiwa limeshaanza kupotea: kesho yake, Jumatatu inayofuata, mwezi ujao. Wala halipimi tu. Kule kuhangaika kulitafuta jibu ndiko kunakomjenga mtoto. Jaribio lako la wiki ya pili, lile lililokuvunja moyo, huenda ndiyo saa waliyojifunza zaidi katika mada nzima.

Jambo la pili ndilo lililonikaa zaidi, nalo ni hao watoto wa watu wa chumvini.

Hebu fikiria wanachokijua kabla hujafungua mdomo. Wanajua maji ya bahari huingizwa bamvua likija, yakatandazwa kwenye mabwawa mapana yenye kina kifupi. Wanajua hayakai bwawa moja. Huhamishwa, na kila yanapohamishwa huwa yamekolea zaidi. Wanajua jua na upepo wa kaskazi ndio msimu wenyewe, na kwamba masika yakiingia kazi hulala. Wanajua ile nyayo ya baba inavyopasuka. Wengine wanajua hata kwamba kuna maji machungu yanayobaki mwisho na kumwagwa. Mwalimu, huo ni uvukizaji, ni ukolezi, ni kugandana kwa fuwele, yaani mada yako yote imetandazwa juani kando ya barabara ya kwenda Marereni. Halafu ikaja video ikawapa chupa za kioo, mrija wa kupoozea mvuke na kijana wa koti jeupe. Watoto wakaweka hayo upande mmoja na chumvi ya nyumbani upande mwingine, na hakuna aliyeyatambulisha haya mawili.

David Ausubel, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika sana juu ya haya miaka ya 1960, alitenganisha kujifunza kwa maana na kukariri. Jambo jipya hushika pale mwanafunzi anapolifunga mwenyewe kwenye jambo analolijua tayari. Lisipofungwa popote hukaa kama maneno matupu, nayo maneno matupu hayakai sana. Hapa ndipo wengi tunapoteleza: tunadhani kuwa na baba chumvini kunatosha. Hakutoshi. Maarifa hayo ya nyumbani lazima yaitwe kwa jina, yatolewe nje, yawekwe mezani kabla jipya halijaingia. Mtoto mwenyewe hajui kama yanahusika. Huenda hata anayaonea haya. Kazi ya chumvini si kazi inayosifiwa darasani.

Tena yapo maarifa ya nyumbani yaliyo kombo. Waulize watoto chumvi inatoka wapi, utasikia mengi: kwamba jua huyageuza maji kuwa chumvi, kwamba maji yamenywewa na ardhi, chumvi ikakataa, kwamba mvuke hupaa na chumvi kidogo. Video haiwezi kuyasahihisha haya kwa sababu haijui kama yapo. Mtoto hutazama maelezo yaliyo sawa, akaitikia kwa kichwa, akatoka na lile lile aliloingia nalo.

Usidhani haya ni mambo ya ng’ambo. Kule Busia, magharibi mwa Kenya, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule za msingi zilizopewa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na wengi hawakuweza kuvisoma wakafuata. Watafiti hao, pamoja na Eric Zitzewitz, walipima pia chati za kufundishia katika shule 178, nusu zikipewa na nusu zisipewe. Zilizopewa hazikupata alama bora kuliko zisizopewa. (Kremer huyo ni mmoja wa watatu walioshinda Nobel ya uchumi mwaka 2019, na sehemu kubwa ya kazi yake ilianzia kwenye madarasa ya Kenya kama lako.)

Kisha ikaja zamu ya tableti. Kabla ya mpango wa kusoma wa Tusome kuenea nchi nzima, ulitangulia mradi wa majaribio uitwao PRIMR, na huko Kisumu shule ziligawanywa. Kwingine tableti walipewa maafisa wanaowatembelea walimu, kwingine walimu wenyewe, kwingine wanafunzi wakapewa visomeo vya kielektroniki. Watoto walisoma vizuri kuliko wale ambao shule zao hazikuwa na mradi. Lakini walipolinganishwa na walioupata mradi uleule bila kifaa cha umeme, yaani vitabu, mwongozo wa mwalimu, mafunzo na mtu wa kuja kumwona darasani, haikupatikana tofauti ya maana. Na ule usio na vifaa ndio uliokuwa rahisi kifedha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, mwaka uleule tableti za serikali zilipoanza kugawiwa katika shule zetu za msingi.

Kwa hiyo mwenzako mzee kazini ana nusu ya haki. Kifaa peke yake hakifundishi. Nusu asiyoiona ni kwamba chaki nayo hivyo hivyo. Mwalimu akijaza ubao maelezo na watoto wakayanakili hadi kengele, hiyo ni video tu, ya polepole na isiyo na rangi. Ukirudi kwenye chaki bila kubadilisha kingine, utapata jaribio la wiki ya pili lilelile na watoto waliochoka mikono.

Sasa tuingie darasani. Ningelipanga somo hili kwa vipindi viwili vya dakika 40, na cha kwanza kisingekuwa na umeme kabisa.

Njoo na chupa ya maji ya bahari. Iinue waione, uliza swali moja: nikiyachemsha maji haya nikaukinga mvuke kwa kifuniko baridi, matone yatakayofanyika kwenye kifuniko yatakuwa na chumvi sawa na bahari, yatakuwa na chumvi kidogo, au hayatakuwa nayo? Usijibu, wala uso wako usiwajibie. Kila mtoto aandike jibu na sababu yake daftarini, peke yake. Wape dakika mbili. Kisha wafumbe macho na kuonyesha kifuani kidole kimoja, viwili au vitatu. Macho yafumbwe kwelikweli, maana watu sitini humfuata yule mmoja anayejulikana kuwa hodari. Hesabu, andika idadi ubaoni. Halafu kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti na amshawishi. Kelele zitapanda, ziache. Piga kura tena, uone idadi zilivyohama. Utaratibu huu ulienezwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyeanza kuutumia mwaka 1991 alipoona wanafunzi wake wanakokotoa hesabu sawasawa bila kuelewa maana yake. Ukiwezekana Harvard, na Gongoni utawezekana.

Kufikia hapo watoto wako wana deni la jibu. Ndipo uchemshe. Jiko dogo, sufuria, kifuniko kilichowekewa kitambaa cha maji baridi juu. Weka jiko karibu na mlango, watoto wasimame mbali, sufuria uishike wewe. Na kuonja ni mwiko. Asiyejifunza hilo Gredi ya 7 atakuja kuonja kitu kibaya katika maabara ya kweli. Badala yake tafuta kifuniko cheusi cha plastiki. Upande mmoja dondoshea matone ya maji ya bahari, upande wa pili matone uliyoyakinga kwenye mvuke. Uache juani. Upande mmoja utabaki na duara jeupe, wa pili hautabaki na kitu. Hakuna slaidi inayoshinda kifuniko hicho.

Maelezo yafuate sasa, si mapema. Chembe za maji zilizo juu, zikipata nguvu ya kutosha, hujitoa kwenye maji na kupaa. Chembe za chumvi zimeshikwa kwa nguvu kubwa zaidi. Chumvi kavu haiyeyuki kwa moto hadi nyuzi 801 za Selsiasi, sembuse kuwa mvuke, na maji ya sufuria yako hayavuki sana nyuzi 100. Bwawani ni polepole zaidi lakini sheria ni ileile, na hakuna anayechemsha. Jua na upepo vinatosha.

Hapo ndipo uwaite watoto wa chumvini wawe walimu. Waulize: kwa nini maji huhamishwa bwawa hadi bwawa? Mmoja atakupa sehemu ya jibu, wa pili ataongeza, na kazi yako itakuwa kuunganisha. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za kila aina. Ili chumvi ya mezani ianze kugandana, maji lazima yapungue hadi karibu sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa, ndipo yanakuwa yameshiba. Kabla ya hapo hutangulia kutuama vitu vingine, jasi ikiwemo, na hayo yanaachwa kwenye mabwawa ya mwanzo. Mwisho hubaki yale maji machungu yenye magnesi nyingi. Mabwawa yale ni somo la kutenganisha vitu kimoja baada ya kingine, na aliyelipanga alijua anachokifanya. Wape hesabu: lita 100 za bahari zitatoa kilo ngapi? Watapata kilo tatu na nusu, na hapo wataanza kuelewa kwa nini mabwawa ni mapana vile.

Jitayarishe pia kwa pingamizi, maana darasa likiwa hai litakuja tu. Mtoto mmoja atasimama aseme: Mwalimu, kama mvuke hauna chumvi, mbona mabati ya pwani huliwa na kutu upesi? Mbona ukikaa ufuoni midomo huwa na chumvi? Usimkalishe chini. Hilo ni swali zuri kuliko lolote lililo kwenye slaidi zako. Mawimbi yanapovunjika, upepo huyarusha hewani matone madogo mno ya maji ya bahari yenyewe, mazima, na chumvi yake ndani. Huo si mvuke. Mvuke ni maji yaliyoachana na chumvi. Manyunyu ni bahari iliyopeperushwa. Manyunyu hayo ndiyo yanayokula mabati, na huenda ndiyo yaliyozila pia baadhi ya tableti zako, kwa hiyo zihifadhi kwenye sanduku linalofungwa vizuri badala ya kabati la dirishani.

Lugha. Sera inataka Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia Gredi ya 4, na tathmini ya Gredi ya 9 itawajia kwa Kiingereza. Sikuambii ujifanye huijui. Lakini ule ubishi wa jirani na jirani uache uende kwa lugha wanayowazia, iwe Kiswahili au Kigiriama. Mtoto hawezi kujenga sababu kwa lugha anayohangaikia maneno yake. Wakishaelewa, wape maneno matatu ya Kiingereza ya mada hiyo, si kumi na mawili, na kila mmoja aandike sentensi mbili kwa maneno hayo kueleza kifuniko cheusi. Sentensi zitakuwa na makosa. Zitakuwa zao.

Kipindi cha pili sasa leta projekta, na video yako ileile uliyoihangaikia. Izime sauti. Ionyeshe vipande, isimamishe kabla ya kila hatua, waulize nini kitafuata na kwa nini, kisha endelea. Wape kazi ya kumtafuta baba yao ndani ya maabara: ule moto ndio nini kule bwawani? Ule mrija wa kupoozea unafanya kazi ambayo bwawani hakuna anayeihitaji, kwa nini? Mtoto atakayesema kwamba kule chumvini tunataka chumvi na maji tunayaacha yaende, na huku maabara wanayataka maji, ameelewa tofauti ya uvukizaji na ukenekaji (kuukinga mvuke ugeuke maji tena) kuliko ambavyo fasili yoyote ingemfikisha.

Kifaa nakipenda pale kinapoleta kisichoweza kubebwa mkononi. Chembe ya chumvi iliyokuzwa, ionekane ilivyo mchemraba. Picha ya satelaiti ya mabwawa ya Gongoni na Ngomeni, vile viraka vya mstatili kando ya bahari, mtoto atafute bwawa analofanyia kazi mamake. Na ukishafungua picha ya Ngomeni usiwanyime hadithi ya pale: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini mbele ya kijiji hicho, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wapo wanaosoma kilomita chache kutoka pale wasilijue. Haihusiani na chumvi, lakini mimi singejizuia.

Slaidi zenye maandishi marefu ziache. Richard Mayer, aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, alionyesha kuwa picha ikisindikizwa na maelezo ya mdomo hufundisha vizuri kuliko picha yenye maelezo ya mdomo na maandishi yaleyale juu yake. Masikio na macho hugombania maneno mamoja. Tableti zilizo hai mpe kila kundi moja, na kama kamera bado inafanya kazi warudie kifuniko cheusi na kukipiga picha mwanzo na mwisho wa kipindi.

Wiki inayofuata, kabla ya mada mpya, daftari zifungwe. Dakika tatu, kila mtu aandike anachokumbuka. Usitoe alama, maana ukitoa watachunguliana. Kisha waulize kitu ambacho hukuwafundisha: mawingu ya masika huja kutoka baharini, mbona mvua tunayoikinga si ya chumvi? Anayejibu hilo ameelewa, hata kama neno la Kiingereza limemponyoka.

Njia hii ina bei, na ni vyema uijue. Utatumia vipindi viwili kwa jambo ambalo slaidi zilimaliza kwa kimoja. Azimio lako la kazi litachelewa, itabidi uchague mada za kuzamia na nyingine upite juu juu. Mimi ningezamia chache. Kelele zitamfikia mwalimu wa darasa la jirani. Na watoto wataiona ngumu, wengine watasema mwalimu siku hizi hafundishi, anauliza tu. Matokeo ya jaribio la kwanza yanaweza yasikufurahishe. Jipe muhula mmoja kabla ya kuhukumu.

Mwalimu mkuu usishindane naye. Anataka rekodi kwa sababu na yeye anadaiwa rekodi. Dakika kumi za projekta ni matumizi, ziandike: tarehe, mada, kifaa, wanafunzi walifanya nini. Hiyo safu ya mwisho iongeze mwenyewe hata kama fomu haina. Ukimpelekea pamoja na daftari tano zenye ubashiri wa watoto na masahihisho yao, atakuwa na cha kumwonyesha mgeni kuliko picha ya watoto wakitazama ukuta.

Kuhusu kunakili kutoka intaneti sitakawia. Ukiuliza “eleza uvukizaji”, simu itajibu, na siku hizi akili unde itajibu kwa Kiswahili sanifu kuliko changu. Uliza kisichokuwemo humo: weka kijiko cha maji yenye chumvi juani na kingine kivulini, andika kipi kilikauka kwanza na saa ngapi; muulize mtu mmoja wa chumvini swali moja, andika alivyojibu. Asiye na simu kwao hatakuwa nyuma, na mwenye nayo haitamsaidia.

Yapo ambayo barua yangu haiwezi kuyatibu. Mwombe afisa wa kusaidia mtaala wa eneo lako, au mwalimu mwenzako yeyote unayemwamini, akae nyuma ya darasa kipindi kizima aandike majina ya waliozungumza. Ukiwa mbele huwaoni wasiosema. Kabla ya hapo, chukua aya moja fupi ya kitabu cha Sayansi, mwite mtoto mmoja mmoja akusomee pembeni, wale waliofanya vibaya zaidi. Huenda ukakuta wachache ambao hawasomi kabisa kwa kiwango hicho, na kwao shida haikuwa chumvi wala video; hao wanahitaji kufundishwa kusoma, na hilo lipangwe na mwalimu wa lugha na mzazi, si na wewe peke yako. Mtoto anayekunja macho akitazama ukutani, au anayeomba urudie kila mara, mpeleke mzazi wake hospitali apimwe macho na masikio. Na yule ambaye umejaribu naye njia zote na bado mambo hayaingii, mwongoze mzazi hadi kituo cha tathmini ya elimu maalum cha kaunti ndogo yenu, na uende na daftari zake, maana wataziuliza.